Daraja Lenye Paa: Kazi ya Mafundi wa Mto Connecticut

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, asanteni kwa kufika.

Hilo mnaloliona pichani, ambalo asiyelijua angesema ni ghala refu lililojengwa juu ya maji, ni daraja la mbao la Cornish–Windsor, Marekani. Linavuka Mto Connecticut, kutoka mji wa Cornish katika jimbo la New Hampshire hadi mji wa Windsor katika jimbo la Vermont. Urefu wake ni mita 137 hivi. Lilijengwa mwaka 1866 na magari bado yanapita humo.

Nianze na paa, maana ndilo linaloulizwa kwanza. Wapo wanaodhani liliwekwa ili wasafiri wasilowe, wengine husema ni ili farasi wasiogope kuona mto. Paa lile ni kwa ajili ya mbao zenyewe. Fundi yeyote aliyewahi kubomoa kibanda cha zamani anajua ubao unaanzia wapi kuoza: kwenye maungio. Maji yakishaingia pale ubao unapokumbatiana na mwenzake, hayatoki upesi, na kuvu hula ndani kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Katika nchi ile ya mvua na theluji, daraja la mbao lililoachwa wazi lilidumu miaka kumi, likibahatika ishirini. Likiezekwa na kuzibwa ubavuni, linaweza kupita karne. Kule Philadelphia, mjenzi wa madaraja Timothy Palmer alipokamilisha daraja lake la Mto Schuylkill mwaka 1805, jaji Richard Peters ndiye aliyehimiza liezekwe, na baada ya hapo desturi ikaenea vijijini.

Paa lilileta kazi yake pia. Wakati wa baridi watu walisafiri kwa magari ya kuteleza juu ya theluji, na ndani ya daraja hapakuwa na theluji. Basi vijiji vililipa watu wachote theluji nje na kuitandaza sakafuni mwa daraja! Waliona ni afadhali taabu hiyo kuliko kujenga daraja jipya kila baada ya miaka michache.

Sasa tuingie ndani, kwenye kuta, kwa sababu humo ndimo zilimo nguvu za daraja. Mwaka 1820 msanifu majengo Ithiel Town alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya muundo wake. Mbao zinalazwa mshazari, safu moja ikielekea kulia na nyingine kushoto, zikipishana kama wavu wa mvuvi. Kila zinapokatana hutobolewa na kufungwa kwa vigingi vya mwaloni. Juu na chini wavu huo unabanwa na mbao ndefu za mlalo. Ninyi mnaopandisha kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, mtaona mara moja kilichopo hapo: pembetatu, nyingi mno, kila moja ikigawana mzigo na jirani zake. Kigingi kimoja kikilegea, uzito unapata njia nyingine ya kupita.

Lakini ninalomsifia Town zaidi ni kwamba aliwafikiria mafundi wa vijijini. Madaraja ya matao yaliyokuwepo yalidai magogo makubwa na mabingwa wa kuyachonga. Muundo wake ulihitaji mbao za kawaida kutoka kiwanda chochote cha kupasulia magogo, na mkato uleule unaorudiwa mara mamia. Seremala wa ghala aliweza kujenga daraja. Town alitoza dola 1 kwa kila futi ya daraja, na dola 2 kwa aliyejenga kwanza bila ruhusa akagunduliwa baadaye.

James Tasker, seremala wa Cornish, alikuwa fundi wa aina hiyo. Inasimuliwa kwamba hakujua kusoma wala kuandika. Yeye na Bela Fletcher waliitwa baada ya mafuriko ya Machi 1866 kuchukua daraja la tatu la mahali pale. La mwaka 1796 na la 1824 yalikuwa yameshakwenda na maji. Hawakuufuata muundo wa Town kwa upofu. Badala ya mbao nyembamba walitumia boriti nene za mraba, wakazichonga mapengo ili ziumane zinapokatana. Waliziunganisha kwanza uwandani, kando ya mto, ndipo wakazihamishia juu ya nguzo za mawe. Upana unaorukwa kati ya nguzo na nguzo ni kama mita 62, mara mbili. Gharama ilikuwa dola 9,000.

Mlangoni waliweka kibao: endesha farasi kwa mwendo wa kutembea, au ulipe faini ya dola 2. Farasi wengi wakikimbia kwa mapigo ya pamoja hutikisa daraja, na mtikisiko ukirudiarudia hulegeza vigingi. Ushuru wa kuvuka uliendelea kutozwa hadi 1943.

Kufikia 1987 daraja lilikuwa limelegea katikati, likafungwa. Lilipofunguliwa tena Desemba 1989, matengenezo yalikuwa yamegharimu zaidi ya dola milioni 4, na sehemu za boriti kuu zilikuwa za mbao zilizogandishwa kwa gundi kiwandani. Wapo waliolalamika kuwa huko ni kuharibu urithi. Mimi nawaunga mkono waliotengeneza, kwa sababu daraja linalobeba watu lazima libebe kweli, na wavu wa Tasker bado upo, unaonekana, na unafanya kazi ileile. Nimeleta mchoro wa maungio yake. Sogeeni mezani tuutazame pamoja, kisha nipokee maswali.