Nani Anahesabu? Burudani na Hadhira Yake Baada ya Vyombo Kuungana

Ndugu wasikilizaji, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mnaofanya kazi katika muziki, filamu na utangazaji, asanteni kwa kuja.

Mada niliyopewa ni muunganiko wa vyombo vya habari na jinsi unavyoibadilisha tasnia ya burudani pamoja na hadhira yake. Mazungumzo ya mada hii kwa kawaida huanzia kwenye vifaa: simu moja sasa ni redio, ni sinema, ni gazeti, ni ukumbi wa muziki. Hayo mnayajua, na wengi wenu mnayashika mkononi hivi sasa. Mimi naomba tuzungumzie jambo lisiloonekana kwenye kioo cha simu, nalo ni hesabu. Nani anahesabu waliotazama na waliosikiliza? Anawahesabu vipi? Na akishahesabu, anamwonyesha nani daftari? Naamini hapo ndipo yalipotokea mabadiliko makubwa kuliko yote, na ndipo msanii na mtazamaji walipopokonywa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Msingi wenyewe nitaupitia haraka. Zamani kila burudani ilikuwa na njia yake. Filamu ilipelekwa ukumbini kwenye mikanda, muziki ulikaa kwenye santuri, baadaye kaseti na CD, televisheni ilirushwa hewani, simu ilipita kwenye waya. Kila njia ilikuwa na kampuni zake, sheria zake na mafundi wake. Mwaka 1983 Ithiel de Sola Pool, mwanazuoni wa chuo cha MIT cha Marekani, aliandika kwamba mipaka hiyo inafutika: waya mmoja utaweza kubeba huduma zilizokuwa na njia mbalimbali, na huduma moja itaweza kupita njia nyingi. Alifariki mwaka uliofuata, kabla wavuti haujazaliwa. Lakini alikuwa ameshaona kiini chake. Sauti, picha na maandishi vikigeuzwa kuwa tarakimu, mashine haitofautishi tena kati ya wimbo na filamu.

Wakubwa wa biashara walilielewa hilo kwa namna yao. Walidhani ukimiliki njia na ukamiliki pia kinachopita ndani yake, kazi imekwisha. Januari 2000 AOL, kampuni ya intaneti, ilitangaza kuungana na Time Warner, kampuni ya filamu, televisheni na magazeti, na mwaka 2002 kampuni hiyo ya pamoja ikaandika hasara ya karibu dola bilioni 99. Wakati wao wakiunganisha ofisi, vijana walikuwa tayari wakibadilishana nyimbo kupitia Napster, iliyoanza mwaka 1999. Hadhira iliungana kabla ya kampuni kuungana. Sitaki kukaa sana hapo.

Nirudi kwenye hesabu, na naomba mnivumilie niwapeleke mwaka 1991, kabla intaneti haijawa ya watu wote.

Jarida la Billboard la Marekani lilikuwa likipanga chati ya albamu, yaani orodha ya zinazoongoza, kwa kuwauliza wenye maduka ni zipi zinazouzwa zaidi. Mwenye duka alijibu kwa kumbukumbu, kwa mapenzi yake, na wakati mwingine kwa kumpendelea mtu wa kampuni aliyemzoea. Mei 1991 chati hiyo ikaanza kutumia takwimu za SoundScan, zilizotokana na kusomwa kwa msimbo wa mistari kila albamu ilipolipiwa. Mwezi uliofuata kundi la N.W.A, wana hip-hop wa Compton, likakaa nafasi ya kwanza. Septemba mwaka huohuo Garth Brooks akawa mwanamuziki wa kwanza wa country, muziki wa mashambani wa Marekani, kuingia na albamu moja kwa moja kileleni. Fikirini: watu hawakubadilisha masikio yao kati ya Mei na Juni. Walikuwa wakizinunua nyimbo hizo siku zote; ila hawakuwa wakihesabiwa sawasawa. Kampuni zilipoona tarakimu mpya zilihamisha fedha, na muziki uliorekodiwa katika miaka iliyofuata ukafuata fedha hizo. Ukibadilisha namna ya kuhesabu, unabadilisha sanaa itakayotengenezwa kesho.

Tena angalieni tabia ya hesabu za wakati ule. Zilikuwa na kasoro nyingi, lakini aliyehesabu hakuwa yule aliyeuza. Tiketi za sinema, chati za muziki, makadirio ya watazamaji wa televisheni yaliyofanywa na kampuni ya upimaji ya Nielsen: vyote vilikuwa mezani. Mwandishi wa tamthilia aliyetaka nyongeza ya malipo aliweza kuonyesha gazeti na kusema, tazama, watu wanaitazama kazi yangu. Mtangazaji alisoma tarakimu ileile. Hata mtazamaji wa kawaida aliisoma.

Sasa tuje kwenye majukwaa. Netflix ilianza kutiririsha filamu, yaani kuzionyesha moja kwa moja kwa intaneti, mwaka 2007, na Februari 2013 ikatoa tamthilia ya House of Cards, sehemu zote 13 kwa siku moja. Watu walishangilia uhuru wa kutazama kwa kasi wanayoitaka, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba hakuna aliyejua ni wangapi waliotazama. Duka, ukumbi, mtangazaji na mhesabuji walikuwa wamekuwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na sababu ya kufungua daftari, kwa kuwa hakuuza tiketi wala, wakati ule, matangazo.

Daftari lilipoanza kufunguliwa, lilifunguliwa kwa masharti ya mwenye nalo. Mwanzoni mtu alihesabiwa ameitazama tamthilia akifika asilimia 70 ya sehemu moja. Mapema mwaka 2020 kipimo kikawa dakika 2. Dakika mbili! Katika muda huo mtu hajajua hata mhusika mkuu ni nani. Mwaka 2021 wakahamia kwenye jumla ya saa zilizotazamwa, na mwaka 2023 wakaanza kugawanya saa hizo kwa urefu wa kazi. Kipimo hiki cha mwisho kina mantiki, nami nakikubali. Ninachokilalamikia ni kwamba kipimo kilibadilishwa mara zote hizi na upande mmoja tu, na wengine wote, waliotengeneza na waliotazama, wakapashwa habari.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Squid Game, tamthilia ya Korea iliyotolewa na Netflix Septemba 2021. Kampuni ilitangaza kwamba kaya milioni 142 ziliitazama katika wiki nne za mwanzo. Hesabu hiyo ilikuwa ya dakika mbili. Oktoba mwaka huo shirika la habari la Bloomberg likachapisha yaliyomo katika nyaraka za ndani zilizovuja. Kumbe kampuni ilijua pia kwamba katika siku 23 za mwanzo waliofika mwisho wa tamthilia walikuwa takriban milioni 87. Ilijua kwamba kazi hiyo iligharimu dola milioni 21.4, na ilikuwa imekadiria kwamba thamani yake kwa kampuni ni karibu dola milioni 900. Hwang Dong-hyuk, aliyeiandika na kuiongoza, alisema hadharani kwamba alilipwa kilichokuwa kwenye mkataba wake. Mkataba uliheshimiwa, sidai kwamba aliibiwa. Nasema kwamba upande mmoja wa meza ulikuwa na mizani na upande wa pili ulikuwa na macho tu. Ukikaa kujadiliana bei katika hali hiyo, hata uwe hodari wa maneno namna gani, unakisia.

Ndiyo maana migomo ya Hollywood ya mwaka 2023 naiona kuwa tukio kubwa katika historia ya muunganiko, kubwa kuliko kuungana kwa kampuni yoyote. Waandishi wa miswada ya filamu na tamthilia walikuwa wamegoma mwaka 2007 hadi 2008, siku 100, wakitaka sehemu yao katika kazi zinazosambazwa kwa intaneti. Mwaka 2023 waligoma tena kuanzia 2 Mei, waigizaji wakajiunga nao 14 Julai, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa vyama hivyo viwili kugoma pamoja tangu mwaka 1960. Magazeti yalizungumzia zaidi akili mnemba. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Lakini kulikuwa na hoja nyingine iliyokuwa ikichemka kwa miaka. Katika televisheni ya zamani kipindi kikirudiwa, mwandishi alilipwa. Katika utiririshaji alipata kiasi kilichopangwa, kazi yake itazamwe na watu elfu moja au milioni mia moja.

Walichopata waandishi kinaweza kuonekana kidogo. Kampuni zilikubali kukipa chama chao, kwa siri, jumla ya saa zilizotazamwa kwa kazi kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya majukwaa hayo. Na kazi ikitazamwa na kiwango sawa na asilimia 20 au zaidi ya wateja wa jukwaa wa soko lake la nyumbani katika siku 90 za mwanzo, mwandishi anapata bonasi. Desemba 2023 Netflix ikachapisha ripoti ya kazi zaidi ya 18,000 na saa karibu bilioni 100 za nusu ya kwanza ya mwaka huo. Miaka kumi ya giza, kisha mlango ukafunguliwa kiasi cha kupitisha mkono. Walioufungua ni watu waliokubali kukaa bila mshahara kwa miezi mitano. Nawaheshimu sana.

Katika muziki mambo yana sura nyingine. Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki, inamhesabu msikilizaji akifikisha sekunde 30. Kila mtunzi anajua maana yake: ukimpoteza msikilizaji kwenye sekunde ya 25, ni kana kwamba hakuja. Kwa hiyo utangulizi mrefu wa ala unakuwa anasa. Kisha kuna mgawo wenyewe. Wengi hudhani kwamba ada ya mwezi anayolipa msikilizaji inakwenda kwa wanamuziki aliowasikiliza yeye. Sivyo. Kwa kawaida fedha zote hutiwa kwenye mfuko mmoja na kugawanywa kwa kadiri ya sehemu ya kila mmoja katika jumla ya usikilizaji wote. Unaweza kumsikiliza mpiga gita mmoja tu mwezi mzima, na bado fedha yako nyingi ikaenda kwa nyota ambaye hujawahi kumfungulia. Mwaka 2021 SoundCloud, jukwaa jingine la muziki, ilianza kwa wasanii wasio na kampuni utaratibu wa kuifuata fedha ya kila msikilizaji hadi kwa anaowasikiliza, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Mwaka 2024 Spotify yenyewe ikaweka sharti jingine: wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati mrabaha, yaani malipo ya kusikilizwa kwake. Kiasi kinachopotea kwa wimbo mmoja ni kidogo sana, najua. Ila nyimbo hizo zinaendelea kusikilizwa na wateja wanaolipa.

Nimesema mtazamaji naye amepoteza kitu. Mwaka 2006 Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 uwezo wake wa kubashiri mtu ataipa filamu nyota ngapi. Timu iliyoshinda ilipatikana mwaka 2009. Mwaka 2017 nyota zenyewe ziliondolewa, likabaki dole gumba, juu au chini. Uzito ulikuwa umehamia kwenye kile mtu anachokifanya: alipobonyeza, aliposimamisha, alipotoka. Wahandisi watawaambia kwamba matendo husema kweli kuliko maneno, na kwa kubashiri wana hoja. Lakini nyota nne zilikuwa kauli ya mtu. Kulikuwa na mtu aliyekaa, akafikiri, akahukumu. Saa mbili za kutazama hazisemi kama alilia, kama alisinzia, au kama alikosa kingine cha kufanya. Mtu anaweza kuitazama hadi mwisho kazi anayoidharau, na kesho yake akaletewa kumi zinazofanana nayo. Hadhira imepimwa kuliko wakati wowote, na imeulizwa maoni yake kidogo mno.

Hadhira haijakaa kimya, nashukuru. Mwaka 2019 tangazo la filamu ya Sonic the Hedgehog lilipotoka, watu wengi walichukizwa na sura ya mhusika hivi kwamba studio iliahirisha filamu hadi Februari 2020 ili kumchora upya. Mashabiki wa muziki wa Korea wamejifunza kanuni za chati vizuri kuliko mawakala wengi. Wanapanga zamu za kuusikiliza wimbo mpya ili kila unapopigwa uhesabiwe. Nguvu hiyo naistaajabia. Pia inanitia huzuni kidogo, kwa sababu kijana anayeuacha wimbo upige usiku kucha huku sauti imepunguzwa, ili namba zipande, hasikilizi muziki tena. Anafanya kazi ya mhesabuji, bila malipo, kwa upendo.

Jambo la mwisho ni la karibuni, na linawahusu hasa ninyi mnaotengeneza video fupi. Tangu 31 Machi 2025, YouTube inahesabu utazamaji wa Shorts kila video inapoanza kucheza au kurudia, bila kutaka mtu akae nayo muda wowote. Namba zimepanda. Malipo ya watengenezaji hayakufuata hesabu hiyo. Yanafuata ileile ya zamani, ambayo bado ipo ndani ya takwimu zao kwa jina tofauti. Kwa hiyo kila video ina hesabu mbili, moja ya kuonyeshwa watu na moja ya kulipia. Anayekuletea mkataba wa tangazo kwa kutumia ile ya kwanza, mwombe ile ya pili.

Na mnaosaini mikataba ya utiririshaji, daini mambo yaandikwe: mtazamo mmoja ni nini, nani anauhesabu, na kwamba mna haki ya kupeleka mkaguzi wenu akaione hesabu yenyewe. Kipengele cha ukaguzi si jambo geni. Kimekuwemo katika mikataba ya muziki tangu enzi ambazo ilibidi mtu aende kuhesabu santuri ghalani. Leo seva inaandika kila sekunde, na kuikagua kunahitaji ruhusa tu.

Karibuni kwa maswali.