Albamu Haianzi Katikati

Mhadhara uliotolewa kwa wapenzi wa muziki, Kisumu, Jumamosi alasiri

Asanteni. Ketini, ketini. Nyinyi wa nyuma sogeeni mbele, leo hakuna kapu la sadaka linalopita.

Mwenyekiti ameniandikia kwenye karatasi hapa: albamu saba za roki zilizokugusa, dakika sitini. Nikamwambia sawa. Wanaonijua naona wanacheka, maana wanajua saa itaisha nikiwa bado kwenye ya kwanza. Tutaona.

Neno langu ni lile lile. Nimelisema Nakuru, nimelisema Eldoret, nimelisema kwenye matanga hadi nikaombwa nikae chini. Albamu isikilizwe nzima, kwa mpangilio wake, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kabla hujafungua mdomo kusema ni nzuri au ni mbaya. Basi. Ningeweza kuketi sasa hivi.

Lakini juzi, habari za albamu yangu ya kwanza, Nevermind ya bendi ya Nirvana, kijana mmoja ananiambia, "Mzee, hiyo Nevermind nimeisikia, ni kelele tu." Umeisikiaje? "Nimesikia nyimbo mbili kwa simu, halafu ikachanganya ikaniletea mambo mengine." Kijana, umekula jicho la ngege ukaondoka mezani, na sasa unatusimulia samaki alivyokuwa!

Ngoja niwaambie nilivyoipata mimi. Najua kuna watu humu wameisikia hadithi hii. Vumilieni, wenzenu ni wageni.

Mwaka ni 1995, niko kidato cha pili, shule ya kutwa, Nakuru. Karibu na stendi palikuwa na kibanda cha bwana mmoja wa kunakili kanda. Unampelekea kanda tupu na hela, unarudi kesho yake. Jina lake silitaji, huenda ana watoto humu ndani. Nikamwambia nataka Nirvana. Akauliza, "Ile ya mtoto anayeogelea?" Nikasema ndiyo, ingawa jalada lenyewe sikuwa nimeliona.

Kanda yangu ilikuwa ya dakika 60, thelathini kila upande. Sasa Nevermind, upande A ni dakika 23 na ushei, upande B haufiki hata 20. Inabaki nafasi. Na bwana yule alikuwa na maadili yake ya kazi: mteja aliyelipia dakika sitini atapewa dakika sitini. Hakupenda kanda ikizunguka bure. Kwa hiyo pale palipobaki upande mmoja akanijazia Don Williams. Upande mwingine akatia seben ya Lingala, nayo ikakatika ndiyo kwanza inakolea. Isitoshe, alikuwa amenakili upande B kwanza, na hapo hapo akaandika namba moja kwa kalamu ya bluu.

Mnaelewa kilichonipata? Albamu inayojulikana dunia nzima kwa wimbo wake wa kwanza, ule ambao hata watoto wenu wanaujua gitaa lake, kwangu mimi ilianza na jamaa anayeimba kwa kejeli, sauti imepinda kama mlevi anayetafuta nyumbani saa nane za usiku. Halafu ngoma zinaporomoka. Huo ni wimbo wa saba! Mimi nikajua ndio mlango. Nikaenda hivyo hivyo hadi kwenye ule wa mwisho, wenye selo, nikiwa nimetulia, machozi yako karibu, mara Don Williams huyu hapa. Kwa miaka minane nilidhani Wamarekani wana desturi ya kufunga upande kwa wimbo wa kantri, kama sisi tunavyofunga mkutano kwa sala.

Hapo ndipo mjanja mmoja hunyoosha mkono. Naona unataka kuunyoosha wewe, mama wa kitambaa cha kijani. Mzee, wewe mwenyewe ulisikiliza kichwa chini miguu juu, na ukaipenda, sasa unatugombeza nini? Jibu ni hili. Nilisikiliza kinyume, lakini nilisikiliza yote, na kila siku kwa mpangilio ule ule. Betri zikilegea nazianika juani, zikigoma naziuma kwa meno. Sikuruka hata wimbo mmoja, kwa sababu kuruka kulimaanisha kusogeza mbele kwa kubahatisha na kula betri. Umaskini ulinifundisha adabu ya kusikiliza.

Na nilipokuja kusikia mpangilio wa kweli, nilikasirika kwanza, kisha nikaona nilichokuwa nimenyimwa. Tazameni. Upande A unafungwa na wimbo mtulivu, Polly, gitaa tupu na sauti ya chini, tena umerekodiwa kabla ya mengine yote, mwaka 1990, pale Madison, mpiga dramu akiwa mwingine kabisa. Upande B unafungwa na mwingine mtulivu zaidi, Something in the Way. Huo walijaribu kuupiga kama bendi, ukakataa. Mtayarishaji, Butch Vig, akamwacha Cobain, mwimbaji wao, ajilaze kwenye kochi katika chumba cha mitambo, akazima kila kinachovuma mle ndani, akarekodi ile sauti ya mtu asiye na nguvu hata ya kuketi. Ngoma na besi ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo albamu inaanza na umati mzima unaruka, inaishia na mtu mmoja amelala chali. Kwenye kanda yangu mtu yule alilala katikati ya safari, akaamshwa na Don Williams, halafu umati ukaja baadaye. Ni hadithi nyingine kabisa. Si mbaya! Lakini si yake.

Mwenyekiti, nimeona. Namalizia hii.

Mwaka 2003 nina CD halisi, na jalada lake, na mtoto anaogelea kweli. Nimekwenda kumtembelea dani, yaani bibi yangu, upande wa Yala. Usiku, nimelala kwenye simba, ile nyumba ya mvulana bomani, redio ya betri iko kichwani, nasikiliza kwa sauti ya adabu. Wimbo wa mwisho umeisha, usingizi umenichukua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenye CD, baada ya wimbo ule, kuna kimya cha kama dakika kumi, halafu unazuka wimbo usioandikwa popote kwenye jalada. Nakala za mwanzo kabisa hazikuwa nao, ulisahauliwa. Yangu ilikuwa nao. Magitaa yanalia, mtu anapiga mayowe mpaka koo linachanika, na mwishoni gitaa linavunjwa kweli, pale pale studio.

Mbwa wa maboma matatu wakaitikia. Nikiwa bado naipapasa redio gizani, dani huyu mlangoni, taa mkononi, leso kiunoni. "Ni nani amekufa?"

Msicheke. Nyinyi watu wa huku mnajua yowe la saa ile kwetu lina maana gani. Nikamwambia hakuna aliyekufa, dani, ni muziki tu. Akasimama akasikiliza. Akasema mtu hapigi yowe la namna hii bila sababu. Ikabidi nikiri: dani, kusema kweli anayeimba amekufa. Alikufa Aprili 1994, alikuwa na miaka 27. Dani akaketi. Akauliza, "Mama yake yu hai?" Nikasema yu hai. Akanyamaza kitambo, kisha akasema izime, tulale.

Nimesoma uhakiki mwingi sana wa albamu ile. Wataalamu wanahesabu koda za gitaa, wanahesabu mauzo. Dani alisikia dakika mbili akauliza habari za mama.

Haya, ya pili. Radiohead, OK Computer, 1997. Hii sitawasimulia kwa maneno mengi kwa sababu ina dawa rahisi: ipandie matatu ya kwenda Nakuru. Ina dakika 53. Ianzishe gari likitoka stendi, si wakati wanasubiri lijae, maana hapo utamaliza albamu tatu. Wimbo wa kwanza, Airbag, ni wa mtu aliyenusurika kwenye ajali ya gari, anashangaa kwamba bado anapumua. Wa mwisho, The Tourist, unambembeleza mtu apunguze mwendo, kisha kengele moja ndogo inalia, kwisha. Sasa nieleze, wewe unayebonyeza kitufe cha kuchanganya nyimbo, umepata nini hapo? Unamwambia dereva apunguze mwendo kabla hajagonga, au baada? Mtu aliyezaliwa kando ya barabara ya Kericho haulizwi swali hilo mara mbili. Mimi ule wimbo wa mwisho hunikuta tumeshapita Awasi, na mara nyingi natamani dereva naye angekuwa anausikia.

Na katikati kuna kile kipande cha sauti ya kompyuta inayosoma orodha ya mambo ya kufanya ili uwe mtu mwema. Kila mtu anakiruka. Kila mtu! Ananiambia si wimbo. Ni kweli si wimbo. Kizingiti nacho si chumba, lakini ukikiruka gizani utaanguka.

Mtaniambia hayo ni mambo ya wazungu, sisi muziki wetu ni wimbo mmoja mmoja. Hapo ndipo napandwa na hasira. Nani alikwambia? Wazee wenu walinunua santuri ndogo za mizunguko 45. Duka la Chandarana pale Kericho limerekodi benga ngapi, huu muziki wetu wa magitaa? Wimbo wa benga haukutosha upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Huku unasimuliwa habari za watu, nani kaoa, nani kafiwa, nani kamsaidia mwanamuziki nauli. Ukigeuza, maneno yanapungua, magitaa yanachukua usukani, na hapo ndipo watu huinuka. Hebu nionyesheni mzee aliyeweka upande wa kwanza wa D.O. Misiani kisha akaenda kulala. Hayupo. Kugeuza upande ndiko kulikokuwa kusikiliza kwenyewe. Watoto wa watu hao ndio leo sekunde kumi zikipita bila mtu kuimba wanatafuta wimbo mwingine. Mnasema bando linaisha. Bando halijaisha, ni subira iliyoisha.

Na tena huo uzungu wa gitaa la umeme mnaousema, mwanabenga alipigia nini, filimbi? Vidole vilikuwa vya nyatiti, zeze letu la Kijaluo, waya ulikuwa wa umeme. Kuna Wamarekani waliolielewa hilo kuliko sisi. Mmoja, Ian Eagleson, alikuja kuisomea benga, akakutana na Otieno Jagwasi, na pamoja na wenzao wakaunda Extra Golden. Walirekodi Nairobi mwaka 2004, albamu ikatoka 2006, Jagwasi akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Inaitwa Ok-Oyot System. Hapa Kisumu jina hilo la Kijaluo sitalitafsiri. Kaisikilizeni mniambie roki inaishia wapi na benga inaanzia wapi, mimi mpaka leo sijapaona. Albamu iliyofuata, ya 2007, ina wimbo wa kumshukuru Obama, wakati huo bado seneta, kwa kuwasaidia kupata viza. Ni benga kamili hiyo: mtu amekusaidia, unamtaja.

Nilitaka kuwapeleka Zambia, kwa WITCH na kwa Amanaz, bendi za vijana wa miaka ya sabini, nchi ya shaba, gitaa limetiwa ukali mpaka linakwaruza. Albamu ya Amanaz inaitwa Africa, ni ya 1975. Tafuteni. Halafu Duma, kundi letu la Nairobi, albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ile ndiyo kelele hasa, na wewe uliyeita Nevermind kelele, anzia pale, kisha urudi tuongee. Msiifungulie nyumbani kama dani yupo.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd nilikuwa na kurasa mbili hapa. Inaanza na mapigo ya moyo, inaisha na mapigo ya moyo. Nadhani mmeshanielewa.

Ya Ayub Ogada, mpiga nyatiti... hapana, ile inataka siku yake. Amefia Nyahera hapo juu, hatuwezi kumpitia mbio kama watu waliochelewa basi.

Mwenyekiti anasema zimebaki dakika ishirini na ukumbi una watu wa harusi wanausubiri. Niliahidiwa kwamba mwishoni tutasikiliza kitu pamoja, na spika nimezibeba mwenyewe kwa boda kutoka Nyalenda, sirudi nazo kabla hazijalia. Nimekuja na Nevermind. Nzima haitoshi. Upande A ni dakika 23, watu wa harusi watatutoa na nusu ya Polly mdomoni. Upande B ni dakika 19.

Ndiyo, mama wa kitambaa cha kijani, nimesikia. Najua nilichosema. Nawawekea upande B. Simu zizimwe, na mtu afunge ule mlango.