Wimbo Ulioshika Mkia, Serikali Ikaanguka

Mabibi na mabwana, nianze na swali la chemsha bongo ninalolipenda kuliko yote. Ni wimbo gani ulishika mkia kwenye mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, Eurovision, kisha siku 18 baadaye ukasaidia kuing'oa serikali?

Jibu ni "E Depois do Adeus", ulioimbwa na Paulo de Carvalho wa Ureno mjini Brighton, Uingereza, tarehe 6 Aprili 1974. Usiku ule watazamaji wa televisheni Ulaya nzima waliwaona ABBA, kundi la Sweden, wakiondoka na ushindi. Ureno iliambulia pointi 3, ikabaki mkiani pamoja na nchi nyingine tatu.

Kwenye mashindano ya maswali, ukishajibu hivyo unapewa alama zako na swali jingine linafuata. Naomba leo tusiharakishe, maana utamu wenyewe uko kwenye sababu. Maofisa vijana wa jeshi la Ureno walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Walihitaji ishara ambayo wenzao wangeisikia wote kwa pamoja bila polisi wa siri kushtuka. Tarehe 24 Aprili, saa 4:55 usiku, redio moja ya Lisbon ikapiga wimbo ule wa mapenzi. Waliokuwa kwenye njama wakaelewa: jiandaeni. Nani angeushuku wimbo wa kuagana, tena ulioshindwa juzijuzi tu?

Redio ile haikusikika mbali, kwa hiyo ikahitajika ishara ya pili. Saa 6:20 usiku, Rádio Renascença, redio ya Kanisa Katoliki, ikapiga "Grândola, Vila Morena" wa José Afonso, na wanajeshi wakatoka kambini. Afonso alikuwa na nyimbo zilizopigwa marufuku; angetangulizwa yeye, huenda wakubwa wangeamka. Jioni ya tarehe 25, waziri mkuu Marcelo Caetano alijisalimisha. Mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zikapata uhuru.

Burudani ni mlango usio na bawabu, na wanasiasa wamelijua hilo siku nyingi. Septemba 1968 Richard Nixon, mgombea urais wa Marekani na mtu asiyesifika kwa utani, alionekana kwa sekunde chache kwenye kipindi cha vichekesho cha Laugh-In. Mpinzani wake, Hubert Humphrey, alialikwa pia, akakataa. Nixon alishinda kwa tofauti isiyofika asilimia 1 ya kura. Siwezi kusema kipindi kile ndicho kilichompa urais, ila naamini Humphrey alikosea kukidharau.

Na kuna aliyeingia kwa mlango huohuo akahamia kabisa. Mwaka 2015 Volodymyr Zelensky aliigiza kwenye televisheni ya Ukraine kama mwalimu anayejikuta rais. Mwaka 2019 akachaguliwa rais kwelikweli, kwa asilimia 73 ya kura, na chama chake kina jina lilelile la kipindi: Mtumishi wa Wananchi.