Mkoba wa Tima na wiki ya 74

[Imerekodiwa barazani, Langoni, Lamu]

TIMA: Assalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena barazani. Mimi ni Tima, na leo sina raha.

LALI: Waaleikum salaam. Mimi ni Lali, fundi wa makubadhi. Mimi raha ninayo, maana nishaona kilichoko mezani.

TIMA: Usinicheke kabla watu hawajajua, kaka Lali. Jamani, hapa mezani pana mkoba. Ni wa Louis Vuitton, kampuni ya Ufaransa, ule wa kahawia wenye maua na herufi. Niliununua Mombasa miaka 4 iliyopita kwa shilingi 14,000. Muuzaji aliniapia, "Dada, hii ni ngozi tupu ya ng'ombe, toka juu mpaka chini." Nikaubeba harusini, nikaubeba Maulidini, nikaringa nao haswa.

LALI: Basi, binamu, kiapo chake ndicho kilichomuumbua.

TIMA: Kivipi?

LALI: Mkoba huo wa maua na herufi, kwa asili yake, si ngozi. Nakshi hiyo ilibuniwa na Georges Vuitton, mtoto wa Louis, mwaka 1896, na huo mkoba wa leo ni turubai la pamba lililopakwa plastiki. Ngozi iko kwenye mishikio, kwenye kingo, na kale kakipande ka kuvutia zipu. Basi. Ipo mingine ambayo nakshi hugandamizwa kwenye ngozi kamili, lakini hiyo huwa ya rangi moja, maua yamedidimia kama muhuri. Si kama huu wako.

TIMA: Ngoja kwanza. Yaani watu wanatoa malaki ya shilingi kwa turubai?

LALI: Turubai, kama la tanga la jahazi lililotiwa plastiki. Louis Vuitton walianza mwaka 1854 wakitengeneza masanduku ya safari, na sanduku halitaki maji. Kwa hiyo anayekuuzia "ngozi tupu" ya mtindo huo, ama hajui anachouza, ama anajua sana.

TIMA: Lakini mishikio si ngozi hii? Ishike.

LALI: Ndiyo niliyoitazama mwanzo. Miaka 4 mkoba uko Lamu, unapigwa na jua la Shela kila Ijumaa, unashikwa na mkono wenye mafuta ya nazi, na mishikio bado myeupe kama wali! Mishikio ya mkoba wa kweli ni ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa ya magome ya miti, ikaachwa hivyo hivyo bila rangi. Inakunywa jua. Mwaka wa kwanza inakuwa rangi ya asali changa, baadaye inaelekea tende. Tone la maji likiiangukia linabaki alama. Hii yako haijanywa kitu. Hii ni rekisini, ngozi ya plastiki.

TIMA: [anacheka] Nilidhani nimeitunza vizuri.

LALI: Umeitunza. Haina pa kuzeeka tu. Tena tazama hapa kwenye pembe: imeanza kubambuka, na chini yake pana kitambaa. Rekisini ya aina hii inaliwa na unyevu. Hewa yetu ya chumvi na joto inaimaliza hata ukiiweka kabatini bila kuibeba.

TIMA: Haya, tufundishe. Mimi nauza mitumba, nasikia tu "ngozi orijino, ngozi orijino". Ngozi ni ngozi, au siyo?

LALI: Siyo. Wewe unajua kukuna nazi?

TIMA: Unaniuliza mimi?

LALI: Ukikamua mara ya kwanza unapata kasimele. Hiyo ndiyo ngozi ya juu kabisa, ile yenye vinyweleo, haikuguswa na msasa. Ndiyo imara kuliko zote, kwa sababu nyuzinyuzi zake zimesongamana pale juu. Makovu yanaonekana, alama ya kupe inaonekana, na ndiyo maana wanachagua ngozi za ndama ambazo hazina makovu mengi. Ya pili ni ile ile ya juu, lakini imesuguliwa msasa kufuta makovu, kisha ikapakwa rangi nzito. Hiyo ni kama tui uliloongeza maji kidogo.

TIMA: Halafu tui la pili.

LALI: Tui la pili ni tabaka la chini. Ngozi ya ng'ombe ni nene, wanaipasua kwa mashine. La chini halina vinyweleo, linabandikwa uso wa plastiki, na kwa sheria za nchi nyingi bado linaitwa ngozi. Mwisho ni machicha. Vumbi na vipande vya ngozi vinasagwa, vinachanganywa na gundi, vinatandazwa kama karatasi.

TIMA: Nayo inaandikwa "ngozi halisi"?

LALI: Utakuta muhuri mkubwa kabisa umegongwa. Mimi nikiona muhuri unapiga kelele hivyo, nageuza upande wa ndani.

TIMA: Babu yetu wa Siyu alikuwa akitia ngozi kwenye magome ya mkoko. Nakumbuka yale maji mekundu.

LALI: Mekundu kama damu, na mikono yake hivyo hivyo. Ni dawa ile ile ya magome niliyokutajia kwenye mishikio, mti tu ndio tofauti. Inachukua wiki nyingi. Viwandani ngozi nyingi duniani siku hizi hutiwa chumvi za kromiamu, kwa siku moja au mbili inatoka laini, rangi ya samawati. Na usidharau, mikoba mingi ya bei kali ni ya kromiamu. Magome hutoa ngozi ngumu inayobadilika rangi, kromiamu hutoa laini inayoshika rangi.

[Punda analia nje]

TIMA: Huyo naye ana maoni. Sasa kaka, watu wanapima kwa kiberiti. Wengine wanadondosha maji.

LALI: Kiberiti kiacheni, jamani! Utauchoma mkoba wa watu, na mwisho usijue kitu, maana hata ngozi ya kweli ikipakwa rangi ya plastiki itanuka plastiki. Maji nayo yanadanganya. Kuna Saffiano, ngozi ya kampuni ya Prada. Ni ngozi ya ndama iliyogandamizwa michoro ya mistari myembamba inayokatana, juu ikapakwa. Maji yanateleza kama kwenye jani la mgomba. Kampuni ya Hermès wana ngozi iitwayo Epsom, nayo imegandamizwa. Ukiipima kwa maji utasema feki, kumbe ndiyo yenyewe. Lakini ngozi yao nyingine iitwayo Togo, ya ndama, ina vijipunje visivyolingana, na mara nyingine mishipa inapita. Ukiona punje zinarudia umbo lile lile kila inchi mbili, hapo imepita mashine.

TIMA: Kwa hiyo mtu akijua ngozi, hadanganyiki.

LALI: Hapo ndipo watu wanapopotea. Waigaji wa siku hizi wananunua ngozi nzuri kabisa. Mkoba unaweza kuwa ngozi kasimele na bado ukawa feki. Mimi sasa naangalia mshono.

TIMA: Fundi na mshono wake.

LALI: Sikiliza. Hermès walianza Paris mwaka 1837, mafundi wa hatamu za farasi. Mshono wao wa mkono ni wa sindano mbili na uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta. Sindano zote mbili zinapita tundu moja, moja kutoka huku, nyingine kule. Uzi ukikatika mahali pamoja, upande wa pili unashikilia. Kwa farasi hilo si urembo, hatamu ikikatika mtu anakufa. Cherehani hufunga uzi wa juu na wa chini katikati, ukikatika unafumuka wote. Na mshono wa mkono unalala kidogo kama mvua ya upepo.

TIMA: Huu wangu umesimama wima kama askari.

LALI: Wako si hoja, Louis Vuitton wanatumia cherehani pia. Wako tutazame ndani. Kuna kijilimi kina namba. Soma.

TIMA: S, P, halafu 7148.

LALI: Kwa mikoba yao ya 2007 mpaka 2021, herufi ni kiwanda. Tarakimu ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. Haya, hesabu.

TIMA: Ya pili na ya nne... 1 na 8. Mwaka 2018. Wiki ni 7 na 4. Wiki ya 74? [kimya] Lali, mwaka una wiki 52!

LALI: Huko kwao ulikuwa mrefu.

TIMA: [anacheka mpaka anakohoa] Wallahi nimebeba wiki ya 74 mpaka kwa bi harusi.

LALI: Tena hata namba ikisoma sawasawa haithibitishi kitu, maana kunakili namba ni rahisi. Tangu 2021 wameacha, wanatia chipu ndani. Kwa mkoba wa mkono wa pili, mimi ningetaka risiti na jina la aliyeuuza kwanza. Na wewe unayeuza mitumba, kumbuka Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi ya mwaka 2008. Ukijua ni feki ukaandika orijino, hapo huna utetezi.

TIMA: Mimi naandika "mkoba wa kahawia, zipu nzima". Basi. Sasa huu nitaufanyaje? Mwili wake bado mzima.

LALI: Nitakutolea mishikio hii, nikutilie ya ngozi ya ng'ombe ya magome. Hiyo itakunywa jua vizuri.

TIMA: Kiasi gani?

LALI: Elfu tatu.

TIMA: Binamu!

LALI: Elfu mbili na mia nane, na uzi wa nta.

TIMA: Elfu mbili, na nitakuletea mahamri kila asubuhi wiki nzima.

LALI: Wiki ya ngapi?