Bei ya Gari Huzeeka, Bei ya Spea Haizeeki

Shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu, habari za mchana. Mwenyekiti aliniomba nije kuzungumzia mikopo ya magari. Nikamwambia riba mtaisoma wenyewe kwenye fomu, mimi nitakuja na kauntabuku yangu. Ndiyo hii. Ina miaka mitatu sasa. Kila shilingi iliyoingia kwenye gari langu imeandikwa humu, hata ile elfu mbili ya kijana wa kuziba pancha pale Mbezi. Mke wangu aliwahi kuifungua mara moja tu. Akaifunga taratibu, akaenda kulala.

Gari lenyewe mmepishana nalo hapo nje. Ni Subaru Legacy ya mwaka 2006, stesheni wagoni, ile Touring Wagon GT ambayo mafundi huiita BP5. Injini ya lita mbili yenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, giaboksi ya otomatiki, nguvu za farasi 260. Nyuma linameza magunia ya mchele na baiskeli ya mtoto, na mbele lina pumzi ya gari la mashindano. Hapo ndipo ulipo mtego wake. Gari la mbio la milango miwili utalieleza vipi nyumbani? Hili unasema ni la familia, na husemi uongo.

Mimi nimekulia Arusha. Kila Pasaka tulikuwa tunatega redio za ng'ambo ya Namanga kusikiliza Safari Rally, na katika miaka ya tisini Mkenya Patrick Njiru alikuwa anaendesha Subaru. Mtoto wa miaka kumi akishasikia hayo, hesabu haiwezi tena kumwokoa. Nilipopata milioni 13 nikaenda kwa mtu nikalichukua likiwa tayari lina namba za hapa.

Sasa jiulizeni swali ambalo mimi sikujiuliza. Kwa nini gari la namna hii, lililokuwa la bei kubwa likiwa jipya, na lililoshinda tuzo ya gari bora la mwaka huko Japani kwa msimu wa 2003 na 2004, likauzwa kwa milioni 13? Watu husema Wajapani wanapenda vitu vipya. Hilo halitoshi. Kule gari binafsi likishavuka ukaguzi wake wa kwanza, hukaguliwa tena kila baada ya miaka miwili, na mwenyewe hulipia ukaguzi, kodi ya uzito na bima ya lazima kwa mkupuo. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake inapanda. Kwa hiyo mwenye gari anafika mahali anaona kulibakisha ni ghali kuliko kuliachia. Yaani gari limefukuzwa kwao na gharama zake. Sisi tukaliona bandarini tukasema, he, bei nzuri! Ile bei nzuri ilikuwa ni gharama zangu za miaka mitatu ijayo, zimeshatolewa kwenye bei, zinanisubiri gereji.

Na bei ya gari huzeeka, lakini bei ya spea haizeeki. Tabo ya gari hili haijui kwamba gari limeuzwa milioni 13. Inajua tu kwamba ni tabo ya gari lililokuwa la mtu mwenye fedha zake.

Hata forodha hawatakuonya. Ushuru wa bidhaa unaangalia ukubwa wa injini na umri wa gari. Injini hii ni sentimita za ujazo 1,994, basi inaingia kwenye kundi la chini ya 2,000, pamoja na magari ya kistaarabu kabisa ya wazee wa kanisa. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuuliza kama kuna tabo.

Tuje kwenye mafuta. Natembea kama kilomita 1,250 kwa mwezi, kazini na nyumbani na harusi mbili tatu. Katika foleni za Ubungo na Kimara gari linanipa kilomita saba kwa lita. Bei ya petroli EWURA, wale wasimamizi wa nishati, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, inapanda na kushuka, basi tuchukue shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Hiyo ni shilingi 535,000 kwa mwezi. Jirani yangu ana gari la lita moja na nusu, anapata kilomita kumi na nne kwa lita, analipa nusu ya hapo. Kwa miaka mitatu nimetembea kilomita 45,000. Mafuta peke yake yamekula milioni 19 na laki tatu. Nimelinunua gari langu mara ya pili, na chenji ya kununua pikipiki mbili ikaungua nayo.

Kuna kitu kidogo hapa. Mtakumbuka zamani tulikuwa tunalipa leseni ya gari ya kila mwaka na kubandika stika kwenye kioo. Bajeti ya 2017/18 ikaifuta, badala yake zikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Lakini anayenywa lita mbili pale wenzake wanaponywa moja, anailipa leseni ile mara mbili, tena kila siku, bila stika.

Halafu fungueni kifuniko cha tangi langu. Ndani kuna kibandiko cha Kijapani, kinadai petroli ya oktani ya juu, ambayo kwao husimama karibu na 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko. Oktani ni uvumilivu wa petroli: inapokandamizwa na kupashwa joto, je, itasubiri cheche ya plagi au itawaka yenyewe kabla ya wakati? Tabo inasukuma hewa nyingi ndani, kwa hiyo mkandamizo ni mkali. Petroli isiyovumilia inawaka mapema, pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Injini ina sensa ya kusikia ule mlio, na kompyuta inachelewesha cheche kujiokoa. Hapo nguvu inapungua na ulaji unaongezeka. Ukiendelea kukanyaga na jua la Chalinze na mzigo nyuma, vinachanika vile vikingo vya pistoni vinavyoshika ringi. Hiyo ni ovahoo, injini nzima inafunguliwa. Ndiyo maana mimi kwenye mlima nakanyaga kama nimebeba mayai, na vijana wa bajaji wananipita wakinicheka.

Oili. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ikichanganya inazidi mizunguko laki moja kwa dakika. Kinachoitenganisha na kusagika ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Katika injini hizi kuna boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye tabo, na ndani yake kuna kichujio kidogo. Oili ikichakaa inatengeneza utando mweusi, kichujio kinaziba, tabo inakauka. Boliti ni kitu cha kufunika kwa kidole gumba. Yangu ilikuwa imeziba tangu kwa mwenye gari wa kwanza, nami sikujua kama kuna kitu cha namna hiyo. Laki tisa, tabo ya mtumba kutoka Sharjah, na siku nne bila gari. Tangu hapo oili nabadilisha kila kilomita 5,000, ya sinthetiki, pamoja na filta: 160,000 kila safari. Mara tisa. Fundi mmoja aliniambia, "Mzee, tabo ni tabu." Nikamlipa, nikamwambia hiyo ya mwisho haimo kwenye bei.

Lakini ukurasa unaoniuma zaidi ni wa matairi, kwa sababu ule ni ujinga wangu mwenyewe, siwezi kumsingizia mtu.

Gari hili magurudumu yote manne yanavuta, muda wote. Matairi ya mbele yalikuwa yameisha, ya nyuma yakabaki na uhai kidogo. Mtu yeyote mwenye akili za kubana matumizi anafanya nini? Ananunua mawili. Nikanunua mawili mazuri, nikafunga mbele, nikajipongeza kwa kuokoa nusu ya fedha.

Hebu tupige hesabu ambayo ningeipiga siku ile. Tairi la 215/45 la rimu 17 likiwa jipya lina mzingo wa kama mita 1.96. Katika kilomita moja linazunguka mara 509. Lililolika milimita tano limekuwa dogo, linazunguka mara 517. Tofauti ni mizunguko minane kwa kila kilomita. Kwa gari linalovuta mbele tu, hiyo si kitu. Kwenye langu, mbele na nyuma vimeunganishwa katikati, na kile kiungo, kilichomo ndani ya giaboksi, kiliwekwa kumeza tofauti ndogo za wakati wa kukata kona au kwenye utelezi. Mimi nikakipa kazi ya kumeza mizunguko minane kila kilomita, asubuhi na jioni, miezi saba. Kikapata joto, klachi zake zikalika. Nikaanza kusikia gari linajivuta nikikata kona kali kwenye maegesho, kama mtu anayeshikwa shati kwa nyuma. Nikadhani ni brekipedi. Nikabadilisha brekipedi! Mpaka fundi wa giaboksi alipoinama, hakugusa hata spana, akapitisha kiganja kwenye tairi la mbele, kisha la nyuma, akanitazama.

Matairi mawili niliyookoa yalikuwa 440,000. Giaboksi milioni mbili na laki moja. Na bado nikanunua matairi mengine mawili. Siku hizi yakiisha, yanaisha yote manne, na jiwe likichana moja wakati mengine yamefika nusu, natafuta la mtumba lenye kimo kilekile huku nimeshika rula. Pale Ilala wauzaji wameshanizoea, wananiita mwalimu wa hisabati.

Mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa zamu, nitaupitia haraka. Unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni, na hapo hakuna mazungumzo. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja, na puli zake. Mimi ilinigharimu laki nane na ufundi ndani yake. Gari langu lilinijia likisoma kilomita 93,000. Sijawahi kukutana na gari la namna hii linalouzwa likisoma 103,000, lakini labda ni bahati yangu. Tazameni chini ya boneti: Japani wakibadilisha mkanda mara nyingi hubandika karatasi yenye tarehe na kilomita. Kama haipo, hesabuni kwamba haujabadilishwa, haidhuru muuzaji ameapa kwa nani.

Na plagi. Injini imelala, silinda mbili kushoto, mbili kulia, plagi zinatazama ukutani. Fundi anatoa betri upande mmoja, boksi la ea klina upande mwingine, ndipo mkono unapita. Plagi nne zilezile, ufundi mara mbili ya wa jirani yangu.

Spidi yenyewe tuliyoilipia? Toka Kibaha hadi Chalinze mabango ya 50 yamefuatana, na tochi za trafiki za kupima spidi zipo nyuma ya miembe. Faini ni 30,000. Kwenye daftari nina tatu. Matuta nayo, kwa tairi la ubavu mfupi na gari lililo chini, yamenila shokapu mbili na bushi sikumbuki ngapi.

Mnataka jumla. Ukiacha mafuta na bima, matengenezo ni milioni 9 na laki nne. Bima kubwa, asilimia 3.5 ya thamani ya gari na VAT juu yake, imenifikia milioni 1 na laki sita kwa miaka mitatu. Mngeweza kuchukua ile ndogo ya 118,000 kwa mwaka, ni shauri lenu. Changanya na mafuta, gawanya kwa kilomita 45,000, unapata kama shilingi 670 kwa kilomita. Kwenda Morogoro kumsalimia mama mkwe, kilomita 190 hivi, ni 127,000. Kwenda tu. Kurudi ni nyingine.

Dada hapo mbele ameuliza mtu aweke akiba kiasi gani kabla ya kununua. Mimi ningesema theluthi ya bei ya gari, iwe benki siku unapokabidhiwa ufunguo, na isiwe ya mkopo. Nikiangalia mwaka wangu wa kwanza, ningeimaliza ifikapo Novemba.

Na kijana wa nyuma ameuliza kuhusu injini ya mtumba, kama si bora kuitupa ya zamani na kufunga nyingine. Inawezekana, nimeona wengi wakifanya. Ila ukishailipia, usiikimbize kwenye gari. Iache mezani kwanza. Fungua ile boliti ya oili usafishe. Badilisha mkanda, puli na pampu ya maji, hata kama unaonekana mpya. Weka plagi zako. Pale mezani kila kitu kinatazamana na wewe, ni kazi ya asubuhi moja. Ikishaingia ndani ya gari, ni ile habari ya kutoa betri.