Kabla ya Kuuliza "Umepata Ngapi?"

Walimu wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia kwa sababu bado napita madarasani na swali ninalolisikia ni lilelile: "Umepata ngapi?" Mtoto anataja namba, anapigiwa vema au kosa, tunasonga mbele. Alivyofikiri hatukumuuliza.

Chukueni njiti za kiberiti. Njiti 4 zinatengeneza mraba mmoja. Ongeza 3 ubavuni, una miraba miwili kwa njiti 7. Ongeza 3 tena, njiti 10. Je, safu ya miraba 100 itataka njiti ngapi?

Swali hili niliwapa Darasa la Sita katika shule moja mkoani Morogoro, na naomba tukae nalo. Kijana mmoja akaanza kuchora na kuhesabu njiti mojamoja. Ukurasa ukaisha upana akiwa mbali sana na 100. Jirani yake hakuchora kitu. Aliandika 4, 7, 10, 13, 16, akaendelea kuongeza tatu tatu. Huyu ameona jambo la kweli, lakini anachokiona ni hatua ya kutoka umbo moja kwenda linalofuata, kwa hiyo hawezi kuifikia miraba 100 bila kupitia 99. Binti wa dawati la mbele alikuwa ameshapata 301. Nikamuuliza, umeonaje? Akasema: "Za juu 100, za chini 100, za kusimama 101." Mwenzake naye alikuwa na 301, ila yeye aliweka njiti moja kushoto peke yake, kisha kila mraba akaupa njiti zake tatu. Mwalimu akiweka vema kwenye madaftari hayo mawili na kuyarudisha, hatajua kwamba watoto hao waliutazama mchoro kwa namna mbili.

Sasa yule ninayempenda kuliko wote. Aliandika 310. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari hewani, nikaomba tumsikilize kwanza. Akaeleza: miraba 10 ina njiti 31, na 100 ni kumi mara kumi, basi 31 mara 10. Mtaniambia amekosea. Ndiyo, amekosea, lakini tazameni amekosea wapi! Ametengeneza vipande kumi vya miraba kumi kumi, na kila kipande kina njiti yake ya mwanzo na ya mwisho. Ukivisogeza vikaungana, kwenye kila kiungo njiti mbili zinalaliana na moja lazima itoke. Vipande 10 vina viungo 9. Toa 9 kwenye 310, unapata 301. Nikampa njiti atengeneze vipande viwili vya miraba miwili miwili: 7 na 7 ni 14. Nikamwambia aviunganishe. Akavisogeza, akatoa njiti moja, akahesabu 13, na mwenyewe akarudi kwenye 310 yake kuirekebisha. Kalamu nyekundu ingemfundisha nini zaidi ya kuogopa?

Wala si watoto wetu pekee. Kaye Stacey wa Australia, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1989 kuhusu wanafunzi wa miaka 9 hadi 13, aliikuta njia hiyohiyo ya kuzidisha mahali ambapo haifai.

Najua kuna anayesema moyoni: mimi darasani nina watoto 90, nitamsikiliza nani? Sikuombi uwasikilize 90. Chagua njia tatu tofauti, mojawapo iwe yenye kosa, ziandike ubaoni, kisha uulize darasa zima kila mmoja aliona nini. Dakika kumi zinatosha. Mwingine atasema wapo watoto wenye kichwa cha hisabati na wapo wasio nacho. Hapo ndipo ninapochoka! Yule wa kuongeza tatu tatu, nilipombadilishia swali nikamwambia miraba 1000, aliacha kuongeza na kuanza kutafuta uhusiano kati ya idadi ya miraba na idadi ya njiti. Akili ni ileile, swali ndilo lililobadilika. Sisi tunawapa "4, 7, 10, jaza nafasi" mwaka mzima, halafu tunashangaa kwamba hawaoni mbali kuliko hatua moja. Ndiyo maana hata jedwali lenye idadi ya miraba upande mmoja na ya njiti upande wa pili wanalisoma kwenda chini tu, hawalisomi kwa upana.

Na mitihani ya kuchagua herufi haitusaidii. Wenzetu wa Kenya walikaa na KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi 2023, na hisabati ilikuwa ya kuchagua A hadi D. Mtoto wa 310 na mtoto aliyebahatisha akakosa wanapata sifuri ileile.

Muda unanikimbiza, nitaje mawili haraka. Kidato cha Tatu wanakariri An = A1 + (n − 1)d, kanuni ya kupata namba ya n katika mfuatano unaoanza na A1 na kuongezeka kwa d kila hatua. Hiyo ni safu yetu ya njiti: mraba wa kwanza wenye 4, kisha 3 kwa kila mmoja kati ya 99 iliyobaki. Wanaikariri kwa Kiingereza bila kuambiwa kwamba waliwahi kuiona kwa macho yao wakiwa msingi. La pili, kuna kosa lililo kinyume cha 310. Kilo 2 za mchele zinalisha watu 10, watu 15 watataka kilo ngapi? Mtoto anajibu 7, kwa sababu watu wameongezeka 5. Hapa alipaswa kutumia uwiano, naye akajumlisha.

Tufanye kazi kidogo. Meza moja ya mraba inakaliwa na watu 4. Ukiunganisha mbili kwa safu, watu 6. Tatu, watu 8. Wageni wa harusi ni 100 na wote wanataka kukaa kwenye safu moja. Meza ngapi? Usimwambie jirani yako jibu. Mweleze umeonaje, yeye aichore njia yako, kisha mbadilishane.