Kilomita 500 za Kwanza: Pikipiki Mpya Ikiingia Kijiweni

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tumekuja kurekodia gereji kwa fundi Sudi, hapa Msamvu, Morogoro, kwa hiyo mkisikia nyundo msishtuke. Fundi, za tangu juzi?

SUDI: Nzuri, dada. Kaa benchi hilo, halina grisi.

REHEMA: Asante. Mimi nimekuja na shida yangu mwenyewe. Jumamosi nimenunua pikipiki, ile 150 uliyoiona nje, bado ina nailoni kwenye siti. Nimempa kijana kwa mkataba. Safari hii sitaki yanikute ya ile ya kwanza.

SUDI: Wasimulie, maana ile niliifungua mimi.

REHEMA: Siku naichukua dukani niliambiwa, mama, ukifika nyumbani iwashe, isimamishe kwenye stendi kubwa, iache iungurume usiku kucha, asubuhi utaikuta imelainika. Nikafuata. Saa nane usiku nikatoka uani kuiangalia, nikaweka kiganja pembeni ya injini, nikaungua. Miezi minne haikuisha, moshi wa bluu nyuma, na kila wiki dereva ananiomba hela ya oili.

SUDI: Nilipovua silinda ndani ilikuwa inang'aa kama kioo. Ulinishangaa niliposema hiyo ndiyo shida.

REHEMA: Sana. Mimi nilidhani kung'aa ndiyo uzima.

SUDI: Subiri kidogo, hii hapa mpya, haijafungwa. Ielekeze kwenye mwanga. Unaona nini?

REHEMA: Naona mikwaruzo midogo, imepishana hivi na hivi. Kama ukili uliosukwa.

SUDI: Hiyo imekwaruzwa makusudi. Kazi yake mbili. Inashika oili, na inafanya kama tupa laini: ringi za pistoni zikipita juu yake zinasuguana na ukuta mpaka vikaoana, chuma kwa chuma. Vikishaoana, moto haupiti kwenda chini na oili haipandi juu. Nafasi ya kuoana ni mwanzoni tu, kabla ncha za hiyo mikwaruzo hazijalala.

REHEMA: Sasa, iliunguruma usiku mzima. Si ilikuwa inasugua vilevile?

SUDI: Haikusugua inavyotakiwa. Ringi yenyewe ina uspringi mdogo. Kinachoikandamiza ukutani hasa ni mlipuko wa petroli. Ukivuta mafuta, presha ya moto inaingia nyuma ya ringi, kwenye mfereji wake, inaisukuma nje. Pikipiki ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma tu bila kuvutwa mafuta, petroli inayoungua ni kidogo mno, presha yake ndogo, ringi inateleza tu juu ya oili. Halafu injini hizi zinapozwa na upepo, na pikipiki iliyo kwenye stendi inaupata wapi upepo? Inachemka palepale. Oili inaungua ukutani kidogo kidogo, inaziba ile mikwaruzo, inageuka kama vanishi. Hapo ringi haina tena pa kushika.

REHEMA: Na aliyenishauri hivyo alikuwa na nia njema kabisa.

SUDI: Nia njema, naamini. Lakini mwenye mali ni wewe. Injini mpya iwashe, ipe dakika moja mpaka iache kusitasita, ondoka nayo.

REHEMA: Kuna upande wa pili. Vijana wa kijiweni wanasema mpya ipigwe resi tangu siku ya kwanza, ndiyo itakuwa na nguvu maisha yake yote.

SUDI: Wameshika kipande cha ukweli. Ringi inataka mzigo, hilo nakubaliana nao. Wanachosahau ni joto. Vyuma ambavyo havijaoana vinasuguana sana, na pistoni ni aluminiamu, inatanuka haraka kuliko chuma cha silinda. Shikilia mafuta mpaka mwisho kwenye barabara ya Dodoma, kutoka Kihonda mpaka Dakawa bila kuachia, pistoni inaweza kukwaruza silinda, hata kukwama kabisa. Nimeshashika pistoni yenye michirizi ubavuni kama imepitishwa kwenye changarawe.

REHEMA: Nimwambie nini kijana wangu, kwa maneno atakayoyakumbuka akiwa barabarani?

SUDI: Mwambie acheze na mafuta. Avute mpaka nusu, apitilize kidogo kwa sekunde chache, aachie ikiwa bado kwenye gia ili ipunguze mwendo yenyewe, avute tena. Anapovuta, ringi inabanwa. Anapoachia, oili kidogo inapanda, inapoza na kuosha unga wa chuma. Asikae kwenye spidi moja muda mrefu, hata kama ni ndogo. Hilo watu wengi hawalijui, wanadhani kutambaa kilomita 30 kwa saa siku nzima ndiyo heshima.

REHEMA: Na ukomo wa spidi?

SUDI: Chukua kitabu chake, kipo chini ya siti au uliachiwa na risiti. Vingi vya pikipiki hizi ndogo vinakubana kwenye kilomita 40 hadi 50 kwa saa mwanzoni, halafu vinakulegezea. Fuata cha kwako.

REHEMA: Fundi, mimi nilikisoma kile kitabu chote Jumamosi usiku, na kuna jambo limenikaa kichwani. Kinazungumzia kilomita 500 kama ni safari ndefu. Kijana wangu anatembea kilomita 120 kwa siku. Hiyo ni siku nne na kidogo!

SUDI: Hapo umegusa penyewe. Mtu wa kwenda kazini na kurudi, 500 ni mwezi. Bodaboda akichukua chombo Jumatatu, Ijumaa ameshapita, na kichwani mwake mwezi haujaisha. Tena hizo siku nne ndizo anazotaka kukuonyesha kwamba hesabu, ile hela ya kukuletea, anaiweza. Anapakia mshikaki, abiria wawili kwa mpigo, anapakia gunia la mkaa, anapandisha nalo milima ya huku Uluguru. Injini inapata kazi nzito kuliko zote ikiwa na siku tatu duniani.

REHEMA: Ndiyo maana nimemwambia wiki ya kwanza alete nusu ya hesabu. Na ninalisema hili kwa wenzangu wenye pikipiki, kwa sababu lawama zote tunamtupia dereva. Huwezi kumdai hesabu kamili Jumatatu halafu ukamwambia apeleke taratibu. Atachagua hesabu, na mimi ningekuwa yeye ningechagua hivyohivyo.

SUDI: Kabisa. Abiria mmoja, barabara ya tambarare, haina neno, tena ni mzigo mzuri kwa ringi. Mlimani ashushe gia mapema. Kuna hii tabia ya kung'ang'ania gia kubwa ili petroli isiliwe, mpaka injini inatetemeka na kugonga. Inaumia zaidi hivyo kuliko ikizunguka kwa wepesi kwenye gia ya pili.

REHEMA: Kuna kitu kingine cha siku hizo za mwanzo?

SUDI: Tairi mpya zinateleza, na breki bado hazijashika vizuri. Asilale sana kwenye kona, aache nafasi mbele. Kilomita mia hivi inatosha.

REHEMA: Oili sasa.

SUDI: Oili ndiyo yenyewe. Ile ya kwanza ukiimwaga, iweke kwenye dumu lililokatwa, ipeleke juani, uitikise taratibu. Utaona inametameta, kama rangi ya kucha ya mtoto.

REHEMA: Vile vipande ni nini?

SUDI: Ni ncha za mikwaruzo ya silinda, ni meno ya gia yaliyokuwa yanalainishana. Mmeto mdogo ni kawaida kwa injini changa. Kipande unachoweza kukishika kwa kidole, hapo nipigie simu. Lakini ukiuacha ule mmeto ndani, unazunguka mpaka kwenye gia, beringi na shafti ya juu. Kwa hiyo ikisoma 500, au namba iliyoandikwa kitabuni, mwaga, hata kama oili bado inaonekana safi. Mwaga ikiwa ya moto, itoke na uchafu wake. Chujio lioshwe au libadilishwe, nafasi ya valvu ipimwe, cheni ikazwe, kwa sababu mpya hulegea haraka.

REHEMA: Na oili ya gari? Nimeona watu wanaweka, kwa kuwa ni bei nafuu au imebaki nyumbani.

SUDI: Hapana, dada. Kwenye gari klachi iko kavu, mbali na oili ya injini. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea kwenye oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za gari za siku hizi zimewekwa dawa ya utelezi ili kupunguza petroli. Klachi ikiipata inateleza: unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Geuza chupa, tafuta maandishi JASO MA. Ukiyaona, hiyo ni ya klachi yako.

REHEMA: Msikilizaji mmoja alituuliza kama haya yanamhusu aliyepiga boa, pikipiki ya zamani lakini pistoni mpya.

SUDI: Yanamhusu yote. Ukishachonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi, hata iliyozidi robo milimita, una silinda mpya na ringi mpya. Kilomita 500 zinaanza upya. Wateja wangu wanaosahau hilo wanarudi mwaka huohuo.

REHEMA: Fundi, kijana ndiye huyu anaingia. Ngoja nimuulize... Inasoma ngapi leo?... Anasema 486.

SUDI: Mwambie aizime, aiingize kivulini. Kilomita 14 hazina maana, na injini bado ina moto. Nipe hilo dumu lililo nyuma yako.